Zenith na nadir: maneno ya Kizungu yenye jamaa Uswahilini

Nairobi, mtu akitaka kumsifu msanii aliyevuma kuliko wote, hasemi tu kwamba yuko juu. Atachomoa "zenith", yaani kilele, kama mtu avaavyo suti kwenda harusini. Neno zuri, ila mengi tunayoyaamini kulihusu, na kuhusu kinyume chake, nadir, si kweli.

Dhana: limetoka kwa Wagiriki au Walatini.
Limetoka kwa Waarabu: *samt ar-ra's*, njia ya kichwa, yaani ile nukta ya anga iliyo juu ya utosi wako hasa. Wanakili wa Ulaya walipoliandika kwa herufi za Kilatini, "m" ikasomwa "ni", likazaliwa "cenit". Kiingereza kililipokea karne ya 14, kichwa kikiwa kimeshaangushwa njiani. Kichwa hicho sisi tunacho: *ra's* ndiyo rasi ya pwani, ndiyo pia iliyomo katika rasilimali.

Dhana: nadir ni ndugu ya nadra.
Mtego huu uliwahi kuninasa. Nadra ina shina lake, la kitu kisichopatikana ovyo. Nadir ya wanafalaki ni *naẓīr*, yenye kuielekea zenith, na shina lake ndilo lililotupa mandhari na nadharia. Ni nukta iliyo chini ya nyayo zako, ng'ambo ya dunia. Ukitoboa kutoka Nairobi utaibukia Bahari ya Pasifiki. Maana yake ya leo, "hali mbaya kupita zote", ilipachikwa baadaye.

Dhana: zenith ni pale jua linapofika saa sita mchana.
Hapa ndipo wengi hupotea. Zenith ni ya mtu, si ya jua: aliye Westlands ana yake, wa Embakasi ana yake. Jua hupita hapo likijaliwa, na London halifiki kamwe. Nairobi, iliyo kusini mwa ikweta kwa nyuzi 1 na ushei, hupitiwa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Wala si saa sita kamili, kwani saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45, mashariki kupita Kenya nzima. Machi huwa kama saa saba kasoro dakika ishirini. Simama wima Uhuru Park wakati huo, kama hakuna mawingu, na kivuli chako utakuwa umekikanyaga.