Levo ya boila inapopanda huku maji yanapungua

Saa nane usiku kinu cha kiwanda chetu cha sukari kilikabwa na miwa. Miwa ikirundikana kwenye rola, turbaini, mashine ya mvuke inayozizungusha, husimamishwa mara moja, na mvuke iliokuwa ikiutumia hukosa pa kwenda. Nilikuwa kwenye chumba cha kuongozea boila. Mzee wa zamu, mtu aliyeanza kuhudumia boila kabla mimi sijaanza shule, alininyooshea kidole kwenye skrini: "Fundi, maji yanakimbia."

Kweli yalikuwa yanakimbia. Asilimia 50, 40, 31. Valvu ya maji ya kulishia ikafunguka yenyewe hadi mwisho, kama nilivyoipangia wiki tatu kabla, nasi tukashusha pumzi. Dakika chache baadaye kinu kikazibuliwa, turbaini ikawashwa tena, na levo, yaani kimo cha maji ndani ya boila, ikapanda kama maziwa yanayofura sufuriani. Maji yakaingia kwenye bomba la mvuke. Tulisikia vishindo, kama mtu analipiga bomba kwa nyundo ya ratili kumi, kisha turbaini ikaanza kutetemeka. Beringi yake ilikufa usiku ule, na miwa ikalala uwanjani siku mbili.

Asubuhi tulipima kila kitu. Sensa ilisoma sawasawa, valvu ilitii, kidhibiti kilipiga hesabu kilizopewa. Kosa lilikuwa kwenye fikra yangu: niliamini levo ya dramu, lile pipa la chuma la juu ambamo mvuke hutengana na maji, inanieleza kuna maji kiasi gani ndani. Naandika haya kwa mafundi wenzangu wanaokabidhiwa boila wakiwa na imani ileile.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Chukua dramu yenye kipenyo cha mita 1.2 na urefu wa mita 6, kwenye boila inayotoa tani 40 za mvuke kwa saa kwa presha ya bar 21. Maji yakiwa katikati, uso wake ni kama mita za mraba 7.2. Sentimita kumi za maji hapo zina uzito wa kilo 600 hivi, na boila inakunywa kilo 11 kila sekunde. Pampu ikisimama, sentimita hizo kumi zimekwisha kabla ya dakika moja. Mtu hawezi kuilinda levo ya namna hiyo kwa kufungua na kufunga valvu kwa mkono saa nane mfululizo. Lazima mtambo ujitawale.

Sasa, yaliyomo ndani ya dramu na mirija yake si maji matupu. Ni maji yaliyojaa mapovu ya mvuke, na mapovu ndiyo yanayodanganya. Kwa bar 21 maji huchemka kwenye nyuzi 217 hivi. Turbaini ikianza kuvuta mvuke kwa nguvu na presha ikashuka hadi bar 19, kiwango cha kuchemka kinakuwa nyuzi 212. Maji yote yaliyomo ghafla yana joto la ziada la nyuzi tano. Joto hilo hutoka kwa kugeuza maji kuwa mvuke: gramu 12 hivi kwa kila kilo. Zinaonekana chache, lakini kwa presha hiyo mvuke huchukua nafasi karibu mara 85 ya maji uliotokana nayo. Boila nzima inafura. Levo inapanda wakati ambao maji yanatoka kwa kasi kuliko yanavyoingia. Mvuke ukizuiwa ghafla, kama kinu kilipokabwa, presha inapanda, mapovu yanasinyaa na levo inazama ingawa hakuna tone lililopotea.

Rudi kwenye usiku ule. Kidhibiti changu kilitazama kitu kimoja tu, levo. Kiliona imezama, kikafungua maji. Maji ya kulishia yana nyuzi mia na kidogo, ni baridi mbele ya yale ya dramu, kwa hiyo yalizidi kuyaua mapovu na levo ikazama zaidi, nacho kikazidi kufungua. Turbaini ilipowashwa dramu ilikuwa imeshajazwa maji ambayo hayakuhitajika, na ufuraji ukayasukumia juu. Kidhibiti kilijibu uongo kwa bidii.

Kudhibiti kwa levo peke yake si ujinga. Mwaka 1765, kule Barnaul katika Siberia, Ivan Polzunov aliweka boya kwenye boila ya injini yake, likipanda na kushuka na maji na kuendesha valvu ya kuyaingiza. Kwenye boila yenye maji mengi na mzigo usiobadilika haraka, boya au elektrodi za kuwasha na kuzima pampu zinatosha hadi leo. Boila ya kiwanda cha sukari haina utulivu huo.

Dawa ni kuhesabu. Pima mvuke unaotoka, pima maji yanayoingia, na ukiagize kidhibiti kilo za maji zifuate kilo za mvuke. Hii ndiyo inayoitwa udhibiti wa vipimo vitatu: mvuke, maji na levo. Mvuke ndio unaotoa amri ya kwanza. Turbaini ikivuta tani tano zaidi, valvu inaongeza tani tano, hata kama levo inapiga kelele kwamba dramu imejaa. Kipimo cha maji kinahakikisha valvu imeleta kweli kilichoagizwa, maana presha ya pampu ikiyumba, valvu iliyo wazi nusu leo haipitishi kiasi cha jana. Levo inabaki na kazi ya mrekebishaji, taratibu, kwa sababu hesabu ya mvuke na maji haiwi sawa kabisa: kuna maji tunayoyamwaga ili kupunguza chumvi, na kila mita ina kosa lake.

Neno "taratibu" ndilo lililonigharimu muda mrefu zaidi. Tulipofunga mfumo mpya niliipa levo nguvu nyingi, kwa woga, na ikarudi kutawala. Niliipunguza hatua kwa hatua kwa siku kadhaa, huku nikiwaomba wenzangu wa kinu wanijulishe kabla ya kusimamisha chochote. Mara ya kwanza nilipoona levo inazama asilimia kumi na mbili na valvu inafunga badala ya kufungua, mwili ulinisisimka. Baada ya dakika mbili levo ilirudi yenyewe mahali pake.

Lipo kosa moja ambalo hesabu yoyote haiwezi kuliokoa. Transmita nyingi za dramu, yaani vifaa vinavyompa kidhibiti kipimo cha levo, hupima tofauti ya presha kati ya bomba mbili: moja imejaa maji yaliyopoa na haibadiliki, nyingine inafuata maji ya dramu. Tofauti ikiwa ndogo, dramu imejaa. Sasa bomba lile la kwanza likivuja kwenye nati, uzito wake unapungua, tofauti inapungua, na skrini inaonyesha dramu inajaa. Kidhibiti kinafunga maji. Dramu inakauka huku skrini inasema asilimia 80. Ndiyo maana kifaa cha kukata moto maji yanapopungua lazima kiwe na sensa yake na bomba zake, mbali kabisa na zile za kidhibiti. Nimeshaona mahali wamevuta waya wa kukatia moto kutoka kwenye transmita ileile ili kubana gharama. Niligoma kuiwasha boila hiyo, na ningegoma tena.

Kioo cha maji, mrija wa kioo ubavuni mwa dramu unaoonyesha levo kwa macho, nacho kina upotofu wake. Maji yaliyomo kwenye kioo yamepoa, kwa hiyo ni mazito kuliko ya dramu. Safu ya sentimita 30 ndani ya dramu inaweza kuonekana pungufu kwa zaidi ya sentimita mbili kwenye kioo. Mzee wa zamu alilijua hilo bila kitabu; alisema tu kwamba kioo "kina aibu".

Na maji yakitoweka kabisa kwenye kioo huku moto unawaka, usithubutu kuingiza maji. Mirija ikiwa imekauka na kuwa myekundu, maji yanayoigusa yanaweza kuilipua. Kata makapi ya miwa yanayolisha moto, zima feni ya kusukuma hewa, ondoa watu, iache ipoe yenyewe.

Kila zamu inapoanza mzee huyo huyo anakwenda kwenye kioo. Anafungua koki ya chini, maji yanafoka. Anafunga koki ya maji, anasikiliza mvuke peke yake. Anaifungua, anafunga ya mvuke, anasikiliza maji. Kisha anarudisha zote, anafunga ya chini, na anahesabu kwa sauti ya chini mpaka maji yapande. Yakipanda mara moja anaandika kwenye daftari. Yakija kwa uvivu, njia imeziba, na ananipigia simu hata kama ni alfajiri.