Arthur Lewis hakusema mkulima aachwe nyuma

Mjadala wa viwanda ukipamba moto, hakosekani atakayemtaja Arthur Lewis kama mchumi aliyefundisha nchi changa zihamishe watu kutoka mashambani kwenda viwandani, kilimo kitajijua chenyewe. Huwa inaniuma. Mtu huyu alisema karibu kinyume chake, tena aliyasema hayo akiizungumzia Afrika.

Serikali ya Gold Coast, Ghana ya leo, ilimwita achunguze namna ya kujenga viwanda. Ripoti yake ya 1953 ilijibu kwamba cha kutangulizwa ni tija ya wakulima wa chakula. Mkulima akivuna madebe mawili pale alipozoea kuvuna moja, mjini kunapata chakula, naye anapata hela ya kununua shati lililotoka kiwandani. Asipokuwa na hela, hilo shati litanunuliwa na nani?

Wengine husoma maneno yake katika makala ya 1954, “nguvukazi isiyo na kikomo”, wakadhani aliwaona wanakijiji kuwa watu wasio na kazi ya maana. Kwanza, hakuwa akizungumzia kijijini tu. Aliwataja wachukuzi wa bandarini, vijana wanaokukimbilia wakubebee begi, vibarua wa bustani, wachuuzi wadogo. Aliyewahi kushuka basi stendi yoyote ya kwetu amewaona: watu kumi wanagombania mzigo wa mtu mmoja. Si uvivu huo. Ni kazi kidogo inayogawanywa kwa wengi.

Na katika makala hayohayo kuna sehemu ambayo wengi huiruka. Mshahara wa kibarua, alieleza, hupimwa kwa kile ambacho angepata akibaki shambani kwake. Kwa hiyo mwenye shamba kubwa hana sababu ya kutaka mkulima mdogo apate mbegu bora. Umaskini wa jirani ndio unaompa vibarua wa bei rahisi. Ndiyo maana, aliandika, watawala wa kikoloni Afrika walidhoofisha uchumi wa wananchi kwa kuwanyang'anya ardhi, kuwafanyisha kazi kwa nguvu na kuwatoza kodi. Aliyesimuliwa na babu yake habari za kodi ya kichwa ataelewa upesi.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuielewa dhana ya kwamba aligombana na Nkrumah kwa kuwa alikuwa mtu wa mabeberu. Ghana ilipopata uhuru 1957, alikwenda kuwa mshauri wake wa uchumi kupitia Umoja wa Mataifa. Walichokosana ni matumizi ya fedha, kwa miradi ambayo Lewis aliona haitarudisha gharama. Desemba 1958 Nkrumah alimwandikia kwamba huenda ushauri wake ni sahihi kiuchumi, ila yeye ni mwanasiasa na hana budi kubahatisha kwa ajili ya kesho. Lewis akaondoka.

Baadaye aliiongoza Benki ya Maendeleo ya Karibi tangu ilipoanza, 1970 hadi 1973, na 1979 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na mchumi Theodore Schultz. Lewis akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Nobel isiyo ile ya amani.

Wala uchumi haukuwa ndoto yake. Kijana huyu wa Castries, kisiwani St. Lucia huko Karibi, alitaka kuwa injinia. Akaacha, kwa sababu si serikali ya kikoloni wala mashamba ya miwa yangemwajiri injinia mweusi.