Kwa nini penisilini hutiwa asidi inayoiharibu?

Wengi hudhani penisilini, dawa ya kuua bakteria, hupatikana kwa kukausha kuvu na kuisaga, kama unga wa mizizi. Ndiyo maana bado wapo wanaosema mkate ulioota ukungu ni dawa ya bure. Kuvu yenyewe, Penicillium, kiwandani huchujwa na kutolewa mapema. Dawa imo kwenye maji ilimokuzwa, kwa sababu kuvu huitema nje. Ukungu wa jikoni nao mara nyingi si wa aina inayotengeneza penisilini, na mwingine ni hatari: sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na kupika hakuimalizi. Hata ukibahatisha kuvu yenyewe, kiasi chake ni kidogo, na penisilini G, aina ya asili, ikimezwa, asidi ya tumboni huvunja sehemu kubwa.

Ajabu ni kwamba kiwandani asidi ndiyo inayosaidia kuitoa dawa kwenye maji ya kuvu. Alexander Fleming aligundua penisilini London mwaka 1928. Kuitoa ikiwa na nguvu zake kulikuja baadaye Oxford, kwa Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley.

Penisilini ni asidi dhaifu. Kwenye pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi huzidi), takriban molekuli moja tu kati ya 18,000 haina chaji. Zilizobaki zina chaji hasi, nazo hung'ang'ania maji. Shusha pH hadi 2, na kama 85% zinapata tena hidrojeni, chaji inapotea. Tazama mchuzi wa manjano: rangi huelea na mafuta, si na maji. Penisilini isiyo na chaji nayo hukimbilia butili asetati, kiyeyushi kisichochanganyika na maji. Sukari na chumvi hubaki nyuma.

Heatley alipendekeza kuirudisha majini. Kiyeyushi hutikiswa na maji machache yenye bikaboneti, chumvi inayopunguza asidi; pH ikifika karibu 7 chaji inarudi, na dawa inahamia majini, ikiacha uchafu usio wa asidi. Njia hii haichagui chanzo: mwaka 1941 penisilini ilitolewa kwenye mkojo wa mgonjwa, polisi Albert Alexander, akadungwa tena, maana figo huitoa sehemu kubwa bila kuibadilisha. Hata hivyo dawa haikutosha.

Tatizo ni muda. Kwenye pH 2 na joto la chumba, nusu ya dawa huharibika kwa takriban dakika 20. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi huchukua kama saa nne. Kwa hiyo maji hupozwa kwanza, asidi ya salfuriki huingizwa pale tu yanapokutana na kiyeyushi, na mashine inayozunguka kwa kasi huvitenganisha ndani ya dakika moja au mbili. Ukitia asidi kabla ya kupoza, umeshapoteza. Ukiogopa na kuishia pH 3.5, ni kama 15% tu zisizo na chaji, na kiyeyushi kidogo hakitatosha kuivuta dawa yote.

Kinachosumbua zaidi ni protini. Kuvu ikicheleweshwa kuchujwa, seli hupasuka na protini zake hushikilia matone ya kiyeyushi ndani ya maji, hivyo tabaka mbili hazijitengi. Hapo hutiwa kemikali ya kuvunja mshikamano huo, huku saa ya asidi ikihesabu.