Acheni kukubali kwamba maoni ya ICJ kuhusu Palestina "hayafungi"

Barua ya kampeni ikifika wizarani, jibu huja na sentensi ileile: maoni ya ushauri ya ICJ, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hayaifungi nchi yoyote. Wanaharakati wanaisoma, wanakunja karatasi, wanarudi barabarani na mabango. Inaniudhi, kwa sababu nusu ya sentensi hiyo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayotumika kuifunika iliyobaki.

Kifungu cha 96 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaliruhusu Baraza Kuu kuiuliza Mahakama swali la kisheria. Liliuliza kuhusu ukuta ambao Israel iliujenga kwenye ardhi ya Palestina, likajibiwa tarehe 9 Julai 2004. Likauliza tena Desemba 2022 kuhusu ukaliaji wenyewe, likajibiwa tarehe 19 Julai 2024. Humo hamna mdai wala mdaiwa, kwa hiyo hakuna aliyehukumiwa. Hapo wizara iko sahihi.

Lakini maoni hayazai wajibu. Yanausoma wajibu uliokuwapo. Kifungu cha 49 cha Mkataba wa Nne wa Geneva, kinachomkataza mkaliaji kuhamishia raia wake kwenye ardhi anayoikalia, kilianza kuifunga nchi yako siku ilipouridhia mkataba huo. Marufuku ya kutwaa ardhi kwa nguvu na haki ya watu kujiamulia mambo yao zinaifunga kila nchi. Daktari akiitazama eksirei akakwambia mfupa umevunjika, una hiari ya kumpuuza. Mfupa hautaunga kwa sababu umempuuza.

Tazameni Chagos, visiwa vilivyogombaniwa na Uingereza na Mauritius, hapa hapa kwenye bahari yetu. Februari 2019 ICJ ilitoa maoni kwamba Uingereza iuondoe utawala wake visiwani haraka iwezekanavyo. London ikajibu kwamba ni ushauri tu. Januari 2021 jopo maalumu la Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, katika shauri la mpaka kati ya Mauritius na Maldives, lilisema yaliyobainishwa kwenye maoni yale yana athari ya kisheria, likaichukulia Mauritius kuwa ndiyo nchi yenye pwani ile. Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuyakabidhi mamlaka ya visiwa kwa Mauritius. Namibia, iliyokuwa ikikaliwa na Afrika Kusini, nayo ilipata maoni yake mwaka 1971 na uhuru wake 1990. Miaka 19. Simwahidi mtu kasi.

Sasa namna ya kuyanukuu, maana hapa ndipo barua nyingi zinapoharibika. Maoni ya 2024 yalipigiwa kura kipengele kwa kipengele. Kwamba uwepo wa Israel kwenye maeneo ya Palestina inayoyakalia ni kinyume cha sheria: 11 kwa 4. Kwamba isimamishe ujenzi wa makazi na kuwaondoa walowezi: 14 kwa 1, na huyo mmoja ni Jaji Julia Sebutinde wa Uganda. Kwamba nchi zote zisiitambue hali hiyo kuwa halali wala kusaidia kuidumisha: 12 kwa 3. Hiki cha mwisho ndicho kinachoihusu serikali yako, lakini watu huandika 14 kwa 1 kwa kila kitu, na mwanasheria wa wizara akiliona kosa hilo haendelei kusoma.

Kosa jingine baya zaidi: kuyatumia maoni hayo kwa vita vya Gaza. Mahakama yenyewe ilisema haikuchunguza mwenendo wa Israel huko baada ya tarehe 7 Oktoba 2023. Kwa vita nukuu shauri la mauaji ya kimbari ambalo Afrika Kusini imeifungulia Israel hapo ICJ, amri za tarehe 26 Januari, 28 Machi na 24 Mei 2024. Amri hizo zinafunga wahusika. Jambo hilo ICJ ililimaliza mwaka 2001. Ila usiandike kwamba Mahakama imeshaamua kuna mauaji ya kimbari. Bado. Na hati za Novemba 2024 za kuwakamata Netanyahu na wengine ni za ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mahakama nyingine kabisa.

Kwa hiyo barua isianze na "ICJ imeamuru". Ianze na mkataba ambao nchi yako imeuridhia na kifungu chake. Maoni yafuate, kama ushahidi wa namna kifungu hicho kinavyosomwa. Kisha omba tendo moja ambalo ofisi hiyo hiyo inaweza kulifanya. Kenya una ibara ya 2(5) na 2(6) ya Katiba, zinazoziingiza kanuni za jumla za sheria ya kimataifa na mikataba iliyoridhiwa kwenye sheria ya nchi. Tanzania mkataba hauendi mahakamani kabla haujaingizwa kwenye sheria ya nchi, kwa hiyo anza na wabunge. Uholanzi mashirika yalishtaki kuhusu vipuri vya ndege za kivita za F-35 vinavyopelekwa Israel, yakishika mkataba wa biashara ya silaha, na tarehe 12 Februari 2024 mahakama ya rufani mjini Hague ikaipa serikali siku saba kusimamisha usafirishaji. Oktoba 2025 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaiambia serikali ikitathmini upya kibali chenyewe ndani ya wiki sita.

Sitaficha ninapokwama. "Kusaidia kuidumisha" kunaishia wapi? Tende zilizolimwa kwenye makazi ya walowezi Bonde la Yordani, hilo ni jepesi. Benki inayoikopesha benki inayowakopesha walowezi? Maoni yanataja biashara na uwekezaji unaoidumisha hali hiyo, lakini hayachori mstari, nami sijaupata mstari unaoniridhisha. Na ile miezi 12 ya kuondoka ambayo Baraza Kuu liliipa Israel Septemba 2024, kwa kura 124 kwa 14, imepita na walowezi wako palepale.

Mlioko Ulaya, anzeni na tende hizo kabla ya Ramadhani. Tangu 2005 hati ya asili ya bidhaa inayotoka Israel kwenda Umoja wa Ulaya huandikwa jina la mji na msimbo wa posta wa mahali ilikozalishwa. Ofisa wa forodha huulinganisha msimbo huo na orodha ya maeneo ya makazi. Ukiwamo, nafuu ya ushuru inakataliwa. Na tangu hukumu ya Novemba 2019 ya mahakama ya Umoja huo, lebo ya chakula lazima itaje kwamba kimetoka kwenye makazi ya walowezi. Mkiona boksi limeandikwa "Israel" tu, piga picha lebo na namba ya shehena, muulizeni muuzaji kwa maandishi msimbo wa posta ni upi, kisha pelekeni jibu lake, au ukimya wake, kwa mamlaka ya chakula ya nchi hiyo.