CTE: Ubongo hauoti sugu

Mkulima anayeshika jembe kila siku huota sugu viganjani. Palipochubuka jana, kesho panakuwa pagumu. Wengi tunadhani kichwa cha bondia nacho ni hivyo hivyo, kwamba akishazoea kula ngumi hazimdhuru tena. Ugonjwa ninaoueleza hapa unalo neno "sugu" katika jina lake, ila kwa maana ya maradhi yasiyokwisha: ensefalopathia sugu ya majeraha. Ni ubongo kuharibika polepole, kwa miaka, kwa sababu kichwa kilipigwa mara nyingi. Kifupisho chake cha Kiingereza ni CTE, na nitakitumia hicho.

Chukua nazi iliyokomaa uitikise karibu na sikio. Maji yanagonga huku na huku, na kifuu hakina hata ufa. Ubongo nao ni laini na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikipigwa unasukumwa mbele, unarudi nyuma, unajizungusha, na nyuzi zake nyembamba zinavutika. Ndani ya nyuzi hizo kuna protini iitwayo tau, ambayo hushikilia mirija midogo sana inayosafirisha vitu ndani ya seli. Mvutano ukirudiwa sana, tau hubanduka, hujikunja na kushikamana mabonge mabonge, hasa kandokando ya mishipa midogo ya damu, chini kabisa kwenye mikunjo ya ubongo. Mchezaji anaweza kustaafu, lakini mabonge hayo yakaendelea kusambaa.

Sasa ile nazi izungushie khanga mbili, uitikise tena. Maji bado yanacheza. Kofia ngumu huokoa fuvu lisipasuke, na hilo si jambo dogo, lakini haiuzuii ubongo kutikisika ndani.

Dalili za mwanzo mara nyingi si za kuanguka wala kutetemeka. Ni hasira za ghafla kwa mtu aliyekuwa mpole, huzuni isiyoondoka, maamuzi ya ajabu juu ya pesa, kusahau alichoambiwa asubuhi. Baadaye kwa wengine huja kupepesuka, ulimi mzito, na kupotewa na kumbukumbu kabisa. Mwaka 1928 Harrison Martland, daktari wa New Jersey nchini Marekani, aliandika kuhusu mabondia waliotembea kama walevi ilhali hawajanywa. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliuchukulia kuwa ni ugonjwa wa ngumi tu.

Aliyebadilisha hilo ni Mwafrika. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa akichunguza maiti mjini Pittsburgh mwaka 2002 alipoletewa mwili wa Mike Webster, bingwa mara 4 wa Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, akiwa na timu ya Pittsburgh Steelers. Webster alikuwa mtu wa katikati ya safu ya mbele, yule anayeanzisha mpira na papo hapo kugongana na mpinzani. Alikufa na miaka 50 tu. Miaka yake ya mwisho alikuwa akilala ndani ya gari lake na kuyagandisha meno yake kwa gundi. Omalu alipoutazama ubongo kwa macho aliuona mzima. Hakuridhika. Aliukata vipande vyembamba, akavitia rangi, akaviweka chini ya hadubini, na hapo akaiona tau. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari waliohusiana na ligi hiyo walitaka makala yake iondolewe. Ilifika 2016 ndipo mmoja wa viongozi wa ligi akakiri hadharani kwamba uhusiano kati ya mchezo huo na CTE upo.

Jambo ninalotaka lieleweke zaidi ya yote ni hili: hatari haiko kwenye lile pigo la kuzimisha peke yake. Bandu bandu humaliza gogo. Kadiri miaka ya kugongwa inavyoongezeka ndivyo hatari inavyokua, hata kwa mchezaji ambaye hakuwahi kuzimia, maana mapigo madogo yasiyomwangusha mtu nayo yanahesabika. Mwaka 2017 watafiti wa Boston waliikuta CTE katika bongo 110 kati ya 111 za waliocheza ligi hiyo kuu ya futiboli ya Kimarekani. Idadi hiyo isitafsiriwe kuwa kila mchezaji anao, kwa sababu familia nyingi zilitoa bongo hizo zikiwa tayari zimeona dalili.

Soka nalo limo. Jeff Astle wa West Bromwich Albion, aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki 2002 akiwa na miaka 59, na mwaka 2014 ubongo wake ulipochunguzwa upya ulikutwa na CTE. Tangu 2020 watoto wa shule za msingi Uingereza hawafundishwi kupiga mpira kwa kichwa mazoezini.

Nimekaa jioni nyingi kando ya ulingo wa mazoezi. Kijana anapigwa, magoti yanalegea, anamwagiwa maji kichwani, mwalimu anamwambia, "Kaza, dogo," na anarudi kupigana. Roho huniuma kila nionapo hivyo. Ubongo uliotikisika unahitaji kupumzika. Akitapika, akisinzia ovyo, akipata degedege au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali usiku huo huo. Na mazoezi ya kupigana kweli kweli yapunguzwe. Begi lipo, pedi zipo, kamba ipo.

Kwa sasa CTE huthibitishwa tu baada ya kifo, kwa kuukata ubongo, na dawa ya kuiponya haijapatikana. Lakini mama au mke anayeona bondia mstaafu amebadilika asikimbilie kusema amelogwa, wala asisubiri. Huzuni, kukosa usingizi, maumivu ya kichwa na ulevi vinatibika hata kama chanzo chake ni hicho, na mara nyingine daktari hukuta tatizo ni jingine kabisa, lenye tiba.