Kuovaraiti kazi ya mwenzako kwenye LabVIEW: ni nini, na kufunga faili kwa kufuli kunasaidiaje

Kila akiingia mtu mpya kwenye timu swali ni lilelile: si tunatumia Git jamani, ile programu ya kutunza matoleo ya mafaili, sasa kazi ya mtu inapoteaje? Haipotei hewani, kwenye historia ipo, ila Git kutunza matoleo ya zamani ni kitu kimoja na kukuzuia usimfunike mwenzako ni kitu kingine kabisa.

Kuovaraiti ni hivi. Mmeanza na faili moja, kila mtu kaibadilisha kivyake, halafu toleo la mmoja linakaa juu ya la mwenzake bila mtu kukusudia. Watu wa Python haiwasumbui sana kwa sababu kodi yao ni maandishi, wewe umegusa mstari wa 10 mwenzio wa 200, Git inaunganisha yenyewe na maisha yanaendelea. Sisi wa LabVIEW, programu ya kutengenezea kodi kwa michoro, hatuandiki, tunachora, tangu ilipotoka 1986 kwenye Macintosh kazi ni kuunga viboksi kwa nyaya, na mchoro wote unakaa ndani ya faili la .vi ambalo ni la bainari. Git haioni waya wala kiboksi, inaona baiti tu. Mkigongana inakuachia uchague: lako au la mwenzio, na ukichagua moja lile lingine ndo basi.

Kugongana kwa namna hiyo angalau unakuona. Kubaya ni kule kusikoonekana, na mimi ndiko kulikonipata. Nilikuwa nimefungua VI (ndivyo tunavyoita programu moja ya LabVIEW, faili moja la .vi) inayoendesha pampu, nikapuli, yaani nikavuta kutoka kwenye seva, kazi ya mwenzangu huku LabVIEW iko wazi. Kwenye diski toleo jipya likaingia, lakini LabVIEW ilikuwa bado imeshika la zamani kwenye memori, nami nikabadilisha lebo moja tu, lebo!, nikapiga Ctrl+S, nikakomiti (kuiweka kwenye historia), nikapushi (kuipeleka kwenye seva). Git haikulalamika hata kidogo, kwa macho yake huyu jamaa kapuli, kabadilisha, kakomiti, safi. Jioni mwenzangu anafungua mchoro anakuta kile kikomo cha presha alichokiweka ili pampu ijizime hakipo, nyaya zimerudi zilivyokuwa wiki iliyopita. Alinitazama tu. Tangu siku hiyo sipuli wala sibadilishi branchi (tawi lingine la kazi) kabla sijafunga projekti nzima, na nikisahau naenda menyu ya File nabonyeza Revert ili isome upya kutoka kwenye diski kabla sijagusa chochote.

Kuna na zile nyota. Umebadilisha sub-VI moja, yaani VI inayoitwa ndani ya VI nyingine, zote zinazoiita zinakompailiwa upya (zinageuzwa upya kuwa kodi ya mashine) na zinaota nyota kwenye kichwa cha dirisha, alama kwamba kuna mabadiliko hayajasevuwa, ukifunga inakuuliza usevu zote, unasema ndiyo, tayari umebadilisha mafaili kumi ambayo hukuyagusa na kesho yanagongana na ya wenzako. Kuanzia LabVIEW 2010 kuna setingi ya kutenganisha kodi iliyokompailiwa na mchoro wenyewe, iwashe kwa projekti nzima, hilo halina mjadala.

Sasa kufunga faili kwa kufuli. Maana yake ni kwamba kabla ya kuhariri unalishika faili kwa jina lako kwenye seva, na kwa wengine wote linabaki la kusoma tu mpaka uliachie. Subversion, programu nyingine ya kutunza matoleo, inafanya hivyo kwa kuweka svn:needs-lock kwenye faili. Git yenyewe haina, kwa sababu kila mtu ana kopi yake kamili, ila Git LFS, nyongeza ya Git ya mafaili makubwa, inayo, mradi seva yenu inaikubali: mnaandika git lfs track "*.vi" --lockable mara moja, halafu kila ukitaka kuhariri unapiga git lfs lock na jina la faili.

Hapo wengi wanaishia na wanasahau upande wa LabVIEW. Kwa kawaida LabVIEW inakuacha uhariri faili la kusoma tu, utachora saa nzima ndo ije ikukatalie kwenye kusevu, na ukishakasirika unalitoa alama ya kusoma tu kwa mkono, kufuli lote limekufa. Ingia kwenye Options, sehemu ya Environment, uiambie ichukulie VI za kusoma tu kama zimefungwa, hapo hata kusogeza waya itakukatalia.

Kero ya kufuli ni foleni. Kama kazi yote mmeijaza kwenye Main.vi moja kubwa kama shuka, mmoja akilishika wengine mnakunywa chai, kwa hiyo ikateni iwe sub-VI ndogondogo. Na kuna yule anayeshika faili Ijumaa halafu anaondoka likizo, huyo mnamwona kwa git lfs locks, inaonyesha nani kashika nini, mpigie simu kwanza kabla ya kulitoa kufuli kwa git lfs unlock --force, maana pengine ana mchoro kwenye laptopu yake ambao hajaupushi.