Kabla mtoto hajakaa kwenye kiti cha daktari wa meno

Mimi ni daktari wa meno ninayetibu watoto hapa Dar es Salaam, na hofu nyingi ninazokutana nazo hazianzii kliniki. Huanzia nyumbani, pale mtoto anapogoma kula au kulala akaambiwa kwamba akiendelea na ubishi atapelekwa kwa daktari achomwe sindano. Mzazi husema hivyo bila nia mbaya na baada ya muda mfupi amekwisha kusahau. Mtoto wa miaka minne hasahau, na siku anapoletwa kwangu kwa ajili ya jino anaamini kwamba ile adhabu aliyoahidiwa imewadia.

Jambo hili huwa gumu zaidi kwa sababu wengi huletwa shavu likiwa limevimba na nyumba nzima ikiwa imekesha. Ushauri wa kitaalamu ni kwamba mtoto aonwe kwa mara ya kwanza jino la kwanza linapoota, au kabla hajatimiza mwaka mmoja. Najua kwamba kwa mama wa Mbagala au Gongo la Mboto, anayepiga hesabu ya nauli na ya siku ya biashara atakayoikosa, ushauri huo unaweza kuonekana wa anasa. Hata hivyo, mtoto ambaye safari yake ya kwanza ilikuwa ya kuhesabiwa meno tu akarudi nyumbani, huja siku ya matibabu akiwa anaijua taa, anakijua kiti na anamjua daktari. Anayeanza kwa kung'olewa jino lenye usaha, mahali ambapo hata ganzi hushika kwa shida, huondoka akiamini kwamba hiyo ndiyo kazi yetu.

Njia tunayoitegemea zaidi ilielezwa na daktari wa meno aitwaye Addelston mwaka 1959, nayo ni kumweleza mtoto, kumwonyesha, kisha kufanya. Kabla ya kusafisha meno humwambia mtoto kwamba nina mswaki unaozunguka wenyewe na unaotekenya. Nauwasha na kuugusisha kwenye ukucha wa kidole gumba cha mama yake, kisha kwenye ukucha wake mwenyewe, ausikie mlio na mtekenyo wake. Ndipo nauingiza mdomoni papo hapo, bila kuongeza kitu ambacho sikumwonyesha. Vilevile tunakubaliana kwamba akitaka nipumzike atainua mkono wa kushoto. Karibu kila mtoto huuinua mapema, kabla sijamgusa vizuri, kwa sababu anataka kuona kama nitatimiza ahadi. Nikisimama mara hiyo ya kwanza, na ya pili, mara nyingi mkono hutulia kwenye paja na kazi inaendelea. Nisiposimama, makubaliano yamevunjika na sidhani kama siku hiyo yanaweza kurudi.

Mzazi ana nafasi kubwa, ingawa kubwa hapa maana yake ni kukaa karibu na kuzungumza kidogo. Mama, bibi na daktari wakibembeleza kwa mpigo mmoja, mtoto hajui amsikilize nani. Tafadhali usimwambie kwamba haitauma hata kidogo; mwambie kwamba daktari ataangalia meno yake na atamweleza kila kitu kabla hajakifanya, kisha habari za sindano uniachie mimi. Usimwahidi baiskeli ili anyamaze, kwa maana mtoto ana akili ya kutosha kutambua kwamba zawadi kubwa hutangulia jambo kubwa. Na ikiwa hataki kuniamkia, mwache. Shikamoo inayotolewa kwa kufinywa bega humwongezea mtoto mzigo, nami sitaona kwamba amelelewa vibaya.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, maelezo hayasaidii sana. Huyo tunamchunguza mzazi na daktari wakiwa wameketi wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto akiwa ameelekea kwa mama yake na kichwa kikiwa kimelala mapajani mwangu. Atalia, na kilio hicho ni cha kawaida kwa umri wake; kinanisaidia hata kuona magego ya nyuma.

Zipo pia tiba zinazopunguza vitisho vyenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza njia ya kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba jino bila mashine, na mara nyingi bila sindano. Ilibuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, lakini kwa mtoto anayeogopa mlio wa mashine faida yake iko wazi hata katikati ya jiji. Kwa matundu mengine tunaweza kupaka dawa ya maji yenye fedha na floridi, ambayo husimamisha uozo ila huacha doa jeusi, na mzazi ni lazima aelezwe hilo mapema. Kumkandamiza mtoto ili kuziba jino ambalo lingeweza kusubiri, kwangu ni jambo lisilokubalika. Kama kazi ni kubwa na mtoto hawezi kabisa kuvumilia, afadhali apelekwe hospitali yenye uwezo wa kumtibu akiwa amelazwa usingizi kwa dawa.

Mlete asubuhi, kabla hajachoka na kabla foleni haijammaliza, akiwa amekula, isipokuwa kama umeagizwa aje na njaa kwa sababu ya dawa ya usingizi. Akichomwa ganzi, mdomo utakuwa mzito kwa saa mbili au tatu, na watoto hupenda kuutafuna kwa sababu hawausikii. Wengine hurudi kesho yake na kidonda kikubwa kuliko tatizo lililowaleta. Mpe uji uliopoa au maji tu, ukae naye karibu, na chakula cha kutafuna kisubiri mpaka aseme kwamba mdomo umerudi.